Kuku wa Wardia

Mezian alirudi kutoka sokoni na kuku watano, na ugomvi ukaanzia hapo.

Alikuwa amewafunga miguu na kuwabwaga nyuma ya gari lake la kubebea saruji. Walipotolewa walikuwa weupe kwa vumbi, mpaka mamake akamuuliza kama alitumwa kuku au mifuko ya unga. Bi Ghenima hakuwa mtu wa kupokea kitu bila kukikagua. Alichuchumaa mlangoni, akawapapasa vifua mmoja mmoja, akawapuliza manyoya aone ngozi. Majogoo wawili, mitetea watatu. Jogoo wa Mezian na jogoo wa Anir, mwanawe. Mtetea wa Bi Ghenima mwenyewe, wa Saliha mkazamwana wake, na wa Tiziri mjukuu.

"Wamepungua," akasema.

"Wametimia, Mama."

"Nyumba hii ina watu wangapi, Mezian?"

Mezian akajifanya anapangusa vumbi la suruali. Alikuwa fundi plasta, na suruali ile haikuwahi kukosa vumbi tangu inunuliwe.

"Mama, usianze. Wardia kuku wake yuko kwa mumewe."

Kwetu huku mlimani neno hilo si dogo. Yennayer ikifika, mlango wa mwaka, kila mwanamume huchinjiwa jogoo na kila mwanamke mtetea, na kuku huzungushwa juu ya kichwa cha mwenyewe kabla ya kisu, aondoke na mabaya ya mwaka unaotoka. Siku hizi wako wanaonunua mapaja ya bucha yaliyofungwa kwenye plastiki, na wako wanaochinja kuku mmoja kwa ukoo mzima, na Mungu hajawapiga radi. Bi Ghenima hakuwa katika hao. Kwake yeye aliyechinjiwa ni wa nyumba, na asiyechinjiwa ni mgeni, hata kama analala humo humo. Na majirani nao huhesabu, maana kuku huchinjwa kizingitini, kizingiti kinatazama uchochoro, na uchochoro wetu una macho kuliko polisi.

Wardia alikuwa ndani anachambua dengu, na mlango ulikuwa wazi. Ilikuwa ni miezi mitatu tangu Mulud, mumewe, amteremshe pale na begi moja, akisema akapumzike kidogo kwa mamake. Mapumziko hayo hayakutajiwa mwisho. Kosa lake lilijulikana na wote: miaka sita ya ndoa na hajashika mimba.

"Nikimchinjia hapa," Mezian akaendelea kwa sauti ya chini, "kesho kijiji kizima kitasema tumemrudisha kwetu. Habari itashuka bondeni kwa wakwe kabla mchuzi haujachemka. Mimi nimekaa na Mulud mara ngapi nikimbembeleza? Nimekunywa kahawa zao, nimecheka vichekesho vya mamake visivyochekesha. Halafu niyaharibu yote kwa ajili ya kuku?"

"Basi yeye atakula nini?"

"Atakula na sisi, Mama! Nani amemnyima chakula?"

"Sikusema chakula," akasema Bi Ghenima, akawachukua kuku watano akawapeleka bandani bila kumtazama tena.

 

Alipoingia jikoni alimkuta bintiye anazichambua dengu zile zile mara ya pili. Akavuta kigoda akaketi karibu naye.

"Umesikia."

"Nina masikio, Mama."

"Kaka yako si mtu mbaya. Ni mwoga wa midomo ya watu tu, na hilo kalirithi kwa marehemu baba yako. Wako nitamnunua mimi. Mtetea mmoja hanishindi."

Wardia akaacha dengu. Alikuwa na uso usioficha kitu, ukiona haya unawaka mpaka shingoni, na sasa uliwaka.

"Ukinunua, Mama, usinunue mmoja."

"Ehe?"

"Nunua wawili. Mtetea na jogoo."

Bi Ghenima alikuwa tayari kumuuliza jogoo wa nini katika nyumba yenye wanaume wawili tu. Swali likamfia mdomoni. Mwanamke anayechinjiwa mtetea na jogoo kwa pamoja yuko mmoja tu duniani, naye ni mja mzito: mtetea ni wake, jogoo ni wa aliye tumboni.

Alijiziba mdomo kwa ncha ya kilemba ili vigelegele visimtoke. Macho yakamjaa machozi, akayaacha yatiririke.

"Tangu lini?"

"Nilikuja naye. Ila sikujua. Nilidhani ni huzuni tu imenivuruga tumbo."

"Na Mulud?"

"Hajui. Na sitaki ajue."

"Wardia! Miaka sita watu wanalia mtoto, mtoto. Wakisikia watapanda huku na ngoma."

"Ndiyo maana sitaki." Alizikusanya dengu kwa viganja, akazimwaga, akazikusanya tena. "Mwaka jana, Mama, siku kama hiyo, walichinja wa kila mtu. Wa watoto wachanga. Mpaka mchumba wa shemeji yangu walimchinjia, na msichana bado alikuwa kwao, hata mahari hayajamalizika. Mimi nikaitwa. Nikadhani zamu yangu imefika, nikatoka mbio nimefunga na kilemba kizuri. Mama mkwe akaniambia: njoo uwanyonyoe."

Bi Ghenima akamshika viganja, dengu zikatulia.

"Wa kwako hakuwapo?"

"Hakuwapo. Nikawanyonyoa wote, watu wakala. Mulud alikuwa ameketi pale pale."

"Kaka yako anajua?"

"Nitamwambiaje? Akijua itabidi agombane, na Mezian si mtu wa kugombana. Ningekuwa nimemvua nguo bure." Akapandisha kidevu, na hapo mama akamwona kwa mara ya kwanza tangu arudi yule binti aliyemlea. "Sirudi, Mama. Hawakunitaka walipoona sina kitu, sitarudi kwa sababu wameona nina kitu. Kama huwezi kunichinjia, niambie, nitajua pa kwenda."

"Nani amesema siwezi?" Bi Ghenima akainuka, magoti yakalia. "Huyo mkweo ana kuku wangapi, hata anibagulie mwanangu?"

 

Kesho yake asubuhi Bi Ghenima alibeba dumu dogo la mafuta ya zeituni ya mwaka huo, yangali ya kijani na yanawasha kooni, akavuka uchochoro mpaka kwa Bi Shabha, mfuga kuku. Ilibidi awahi. Siku ya mlango wa mwaka kitu hakitoki nyumbani kwa mtu, si chumvi, si chachu, si kaa la moto, na anayekuja kuazima siku hiyo hurudi mikono mitupu hata kama mmezaliwa tumbo moja.

"Nipe mtetea na jogoo," akasema.

Bi Shabha akamtazama, akayatazama mafuta, akatabasamu mpaka jino la dhahabu likaonekana. "Kwa pamoja?"

"Nimesema mtetea na jogoo. Umezibwa masikio na manyoya?"

"Nimesikia, dada yangu, nimesikia. Na Saliha hajambo? Hatapiki tapiki?"

Hapo Bi Ghenima angeweza kusahihisha. Alisema tu kwamba Saliha hajambo, jambo ambalo lilikuwa kweli, akachukua kuku wake akaenda zake. Kuku wenyewe walikuwa wembamba, wenye miguu mirefu ya kukimbizana na paka, lakini walikuwa wakali na macho yao yalikuwa safi.

Alasiri Mezian aliingia mkahawani kujipasha moto. Meza ya dhumna ikampigia makofi.

"Karibu, baba wa watatu!" akasema Akli, kinyozi, ambaye nywele za watu alizikata kidogo na habari zao alizirefusha sana.

"Watatu gani? Mimi nina wawili."

"Anaficha, jamani! Mchana anapaka kuta plasta, na akifika nyumbani bado ana nguvu. Mwanamume huyo!"

"Akli, chunga mdomo wako."

"Hasira za nini? Mke wangu kaambiwa na Shabha mwenyewe. Mtetea na jogoo wametoka kwake asubuhi, kwa pamoja, wamekwenda kwenu. Sasa utatununulia kahawa au utaninunia?"

Mtu akipongezwa hawezi kukataa. Mezian akalipia kahawa za meza nzima, akatoka asijue kama afurahi au aogope. Alimkuta Saliha ukumbini anafua.

"Saliha, una jambo la kuniambia?"

"Ninalo. Gesi imekwisha."

"Jambo jingine."

"Na sabuni."

"Saliha! Kijiji kizima kinasema una mimba."

Saliha akanyoosha mgongo, povu likimdondoka viwikoni. "Mimi? Nimeipata wapi, kwenye foleni ya maziwa? Wewe tangu tuanze kuchuma zeituni ukifika nyumbani unalala na viatu."

Mezian akamgeukia mamake. Bi Ghenima alikuwa anaviringa unga kuwa kuskusi kwenye sinia la mti, na alikuwa ameinamia kazi yake kama mtu anayehesabu punje. Nyuma yake Wardia alisimama mlangoni pa jikoni.

"Ni wangu, kaka," akasema.

Lazima tumtendee haki Mezian: furaha yake ilikuwa ya kweli. Alimkumbatia dada yake mpaka miguu ikaacha sakafu, akambusu paji la uso, akalia kidogo, kisha akajicheka kwa kulia. Akatia mkono mfukoni akatoa simu.

"Mambo yamekwisha! Namwambia Mulud sasa hivi."

"Usimwambie."

"Nisimwambie? Mtoto wa mtu huyo, Wardia! Hatuwezi kuficha mtoto wa mtu kama tumeiba mbuzi."

Akatoka nje penye mtandao. Alirudi pua nyekundu kwa baridi na uso umechanua.

"Wanakuja kesho! Mamake, Bi Titem mwenyewe, amelia kwenye simu. Anasema msimchinjie, wanakuja na kuku wake, wanampeleka kwake akachinjiwe kule." Akawatazama wanawake watatu, mmoja mmoja. Hakuna aliyepiga kigelegele. "Mbona mmenuna? Si ndicho tulichokuwa tunakiomba?"

"Hukuniuliza, kaka," akasema Wardia.

"Nikuulize nini sasa?"

Wardia akageuka. Alirudi jikoni, na Saliha akamfuata, akimkanyaga mumewe kidole cha mguu njiani, kwa makusudi.

 

Siku yenyewe milima ya juu iliamka imevaa theluji mpaka kiunoni, na kijijini palinuka mafuta ya moto na maandazi. Kila mlango ulikuwa na vuguvugu lake. Huku mtu ananoa, kule mtoto analia hataki kuzungushiwa jogoo kichwani, na vikongwe wakitoka kwenye vizingiti kupigiana kelele za heri. Bi Ghenima alivaa gauni lake la mistari myekundu na bizimu ya fedha aliyoolewa nayo, akasimama mlangoni mwake wima, na magoti yake siku hiyo hayakulia.

"Tuwasubiri wakwe," akasema Mezian.

"Jua halisubiri wakwe. Chinja."

Mezian akachinja wa mamake, wa mkewe, wa watoto, na wa kwake mwenyewe. Wale wawili wa Bi Shabha walibaki wamefungwa kwenye pete ya ukuta, wakidonoa mawe. Hakuwagusa. Wardia alikuwa amesimama ndani, hatua moja tu kutoka kizingiti, amefunga kilemba chake kizuri, na alipoona kaka yake anaanza kufuta kisu aliinamisha uso.

Hapo ndipo gari lilipopanda uchochoro.

Bi Titem aliteremka na vigelegele vyake mwenyewe, kwani hakuna aliyempokea navyo. Mkononi alikuwa na mtetea na jogoo, weupe, wanene, wa shamba la kisasa, wamefungwa utepe mwekundu miguuni na kupakwa hina mabawani. Nyuma yake alikuja Mulud amebeba boksi la keki kwa mikono miwili, macho yake kwenye viatu. Madirisha yakafunguka juu na chini. Bi Shabha alijifanya anakung'uta zulia.

"Binti yangu! Taa ya nyumba yangu!" Bi Titem akanyoosha mikono, kuku wakining'inia. Wardia hakutoka. Mwanamke yule akaimeza, akamgeukia Bi Ghenima na kumbusu mashavuni. "Mkwe wangu, Mungu amesikia. Tumekuja kuchukua amana yetu. Baba yake Mulud anatusubiri chini na kisu. Umeona kuku hawa? Safari hii na yeye tumemnunulia, tena wawili, tena wa haja, si kama hivyo vikonda vyenu vya ukutani."

Akacheka. Mezian alikuwa bado anafuta kisu kwa kitambaa. Mkono wake ukasimama.

"Safari hii?"

"Naam, mwanangu?"

"Umesema safari hii na yeye. Safari iliyopita je?"

"Ah, maneno tu, mwanangu. Ulimi hauna mfupa."

Mezian akampita, akamsogelea Mulud. Hakupandisha sauti. Mtu yule hakujua kupandisha sauti, na pengine ndiyo maana uchochoro mzima ukanyamaza ili kumsikia.

"Shemeji. Mwaka jana dada yangu mlimchinjia?"

Mulud akalitazama boksi la keki. "Yale yalikuwa mambo ya wanawake, Mezian. Mama ndiye..."

"Sikukuuliza ni mambo ya nani. Mlimchinjia, hamkumchinjia?"

"Hatukumchinjia."

"Yuu!" akasema Bi Shabha dirishani, zulia likamponyoka likaanguka uchochoroni.

Mezian akamtazama dada yake. "Kweli, Wardia?"

"Niliwanyonyoa, kaka," akasema. "Wa wenzangu wote."

Damu ilimpanda Mezian usoni, na aibu aliyoisikia kwanza ilikuwa yake mwenyewe. Alizikumbuka zile kahawa. Alikumbuka jinsi alivyokaa kwenye ncha ya kochi la watu wale, kofia magotini, akiwaomba wamsamehe dada yake kosa ambalo hakulifanya, na wao wakimsikiliza huku wanajua.

"Kumbe mlishamtoa," akasema. "Tangu mwaka jana mlishamtoa kwenu. Mimi napanda na kushuka bondeni nawabembeleza mumrudishe, na nyinyi mlishamfuta zamani. Mmeniacha niwe mpumbavu wenu."

"Jamani, tusigombane kwa kuku!" Bi Titem akasema, sasa bila kicheko. "Kuku ni kuku. La maana ni mtoto, na mtoto ni wetu. Wardia, chukua begi lako, mwanangu, injini inawaka."

Bi Ghenima alikuwa bado mlangoni. Akashuka kizingiti, akasimama uso kwa uso na mkwe wake.

"Mkwe wangu, leo ni siku gani?"

"Si Yennayer? Swali gani hilo?"

"Leo mimi nikija kwako kukuomba kaa la moto, utanipa?"

"Leo? Sitakupa. Kwani mila huijui?"

"Chachu ya mkate?"

"Sitakupa, hata kiganja."

"Chumvi?"

"Ghenima, unanichezea?"

"Sikuchezei. Wewe leo hutoi chumvi, na umekuja kwangu kunitaka nitoe mtu."

Kicheko kilianzia kwa Akli kinyozi, kikapanda madirishani, na vikongwe wakajipiga mapaja. Bi Titem alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumuunga mkono. Hakumpata. Alikuwa mwanamke wa mila kama sisi sote, na kwa haraka ya kumchukua mjukuu alisahau amekuja siku gani.

Mezian aliwafungua kuku wawili pale ukutani. Jogoo akampiga bawa la sikio, akamshika tena.

"Wardia. Njoo hapa."

Wardia akaja, akasimama juu ya kizingiti, penye mwanga, watu wote wanamwona. Kaka yake akamzungushia mtetea kichwani, kisha jogoo, taratibu, mara zile zinazotakiwa.

"Mwaka utoke na mabaya yako," akasema kwa sauti ambayo hatukujua anayo. "Uingie na mema yako. Wewe na huyo."

Akachinja. Ndipo Bi Ghenima alipokitoa kile kigelegele alichokiziba kwa kilemba siku mbili nyuma, na uchochoro mzima ukamwitikia, nyumba kwa nyumba, mpaka mbwa wakabweka. Wardia alisimama wima. Alikuwa analia na wala hakujifuta, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita alijiona mrefu.

"Na mtoto wangu?" Mulud akauliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza ambayo hakuulizwa.

"Atakuwa na jina lako," akasema Wardia. "Hapa hawaibi jina la mtu. Ukitaka kumwona utapanda mlima, utabisha hodi, utangoja kukaribishwa. Lakini mimi mwaka huu nimehesabiwa hapa."

 

Bi Titem aligeuka kwenda garini, akazuiwa.

"Utakwenda wapi?" Bi Ghenima akamshika mkono. "Leo mtu hatoki mlangoni pangu na njaa, hata angekuwa amekuja kunitukana. Kuku wako waache garini, watu wako kule wana haja nao. Wewe ingia."

Hakukuwa na namna ya kukataa, na nadhani hakuna adhabu Bi Titem angeichukia zaidi. Wakaingia. Wakaketi kulizunguka sinia kubwa, kuskusi imepanda kama kichuguu, na juu yake dengu, maharage, mboga za mlimani na nyama ya kuku saba. Keki za Mulud zikawekwa pembeni, na Anir na Tiziri walizilinda vyema. Saliha aligawa mapaja. La Wardia lilikuwa kubwa, na juu yake akaongezewa la yule jogoo mwembamba, ambalo halikuwa na mengi ila mfupa na sifa.

Watu wakala kimya mwanzoni, kisha njaa ikawashinda aibu, na Mulud akaomba chumvi, na akapewa, kwa kuwa ndani ya nyumba ni halali. Mezian alikula polepole. Kila mara alimtupia dada yake jicho, kisha anashusha uso. Mwishowe akamsogezea kipande chake cha kifua bila neno, na yeye akakipokea bila neno, na baina yao yakawa yamekwisha.

Vijiko vilipolala Bi Ghenima akaanza kuuliza, kama anavyouliza kila mama siku hiyo. Jibu ni moja, maana asiyeshiba usiku wa Yennayer hujiwa na kile kizee cha mlango wa mwaka, kikampasua tumbo na kulijaza majani makavu. Hakuna anayeamini, na hakuna anayethubutu.

"Umeshiba, mkwe wangu?"

"Nimeshiba," akasema Bi Titem, akilitazama sinia.

"Umeshiba, Mulud?"

"Nimeshiba, Mama."

"Mezian? Saliha?"

"Tumeshiba."

"Tumeshiba!" watoto wakapiga kelele, midomo imejaa krimu ya keki.

"Na wewe, Wardia? Umeshiba, mwanangu?"

Kule bondeni alikuwa akijibu nimeshiba kabla hajaulizwa, na mara nyingi kabla hajala. Sasa alilamba kidole chenye mchuzi, akafikiri kidogo.

"Bado, Mama."

Tiziri akamrukia mkononi kwa hofu. "Shangazi, usiseme hivyo! Kizee kitakuja kikujaze majani!"

"Kitayatia wapi?" akasema Wardia. "Ndani mna mtu."

Akauvuta upande wake wa sinia karibu, akaendelea kula mbele yao wote.